Kipande Kimoja, Wiki Nzima: Jinsi ya Kuanza Kusikiliza Muziki wa Klasiki

Tangu majirani wagundue kwamba nikikaanga samaki jioni huwa nafungulia muziki wa mtunzi Bach, maswali hayajakoma. "Kaka, mtu anaanzia wapi?" "Mbona hakuna anayeimba?" "Lazima ujue kusoma nota?" Na lile linaloulizwa kwa aibu kidogo: "Mbona mimi nikisikiliza nasinzia?" Nimeyajibu kwa ujumbe wa simu, nimeyajibu msibani, nimeyajibu kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni. Leo nayajibu yote kwa pamoja, ili mwingine akiuliza nimtumie hii.

La nota nilimalize hapa hapa: hapana. Miaka yote niliyoimba besi kwenye kwaya ya kanisani nilikuwa nasoma d r m f (do, re, mi, fa) za karatasi ya mwalimu, na hata hizo mara nyingi nilikuwa namtegea sikio aliyesimama kushoto kwangu.

Wala usidhani unaingia nyumba usiyoijua. Ule mlio wa simu za Nokia ni kipande kidogo cha "Gran Vals", walsi (muziki wa dansi) ya gitaa ya Mhispania Francisco Tárrega ya mwaka 1902. Wimbo unaopigwa wachezaji wakijipanga kabla ya mechi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya umejengwa juu ya "Zadok the Priest", ambao George Frideric Handel aliutunga mwaka 1727 kwa ajili ya kutawazwa mfalme George wa Pili wa Uingereza. Na ile "Haleluya" ambayo kwaya zetu huipania miezi mitatu kabla ya sikukuu ni ya Handel huyohuyo.

Tatizo liko kwingine. Chukua wimbo wa bongo fleva unaoupenda kuliko yote. Hukuupenda siku ya kwanza. Uliusikia kwenye daladala, ukausikia saluni, ukausikia kwenye kibanda cha chipsi, na mara ya ishirini ukajikuta unauimba bafuni. Beethoven hana kibanda cha chipsi kinachompigia debe. Hizo mara ishirini inabidi ujipigie mwenyewe, na hatua zote zilizo hapa chini ni za kukufikisha huko bila kuchoka njiani.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

Spika za masikioni au hedifoni. Za kawaida tu zinatosha, mradi besi isikike. Spika ya simu haifai kabisa: inatoa fidla na filimbi, inameza selo (ile fidla kubwa ya sauti nzito) na besi, na unabaki na nusu ya muziki. Watu wengi wanaosema muziki huu "unalia tu juu juu" waliusikia hivyo.

Bando, lakini si kubwa. Sauti tupu kwa ubora wa kawaida hula kama MB 1 kwa dakika, kwa hiyo simfoni (kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa) ya nusu saa ni kama MB 30. Video ya wapigaji hao hao hula mara kadhaa ya hapo. Ukipata Wi-Fi ya bure, pakua na uhifadhi. Watunzi wengi wa zamani hawana tena hakimiliki, na tovuti kama Musopen hutoa rekodi za kupakua kihalali.

Dakika kumi ambazo hakuna atakayekutuma dukani.

Huhitaji suti, huhitaji kujua historia ya Ulaya, na huhitaji kufumba macho na kutikisa kichwa taratibu.

Hatua

1. Chagua kipande kimoja kifupi.

Kimoja. Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kufungua orodha ya "nyimbo 100 bora za klasiki" na kuisikiliza kama redio. Baada ya saa moja hukumbuki hata kimoja. Chagua kulingana na unachokipenda tayari.

Kama masikio yako yamelelewa na rumba na unalijua raha la sebene, anza na "Boléro" ya Mfaransa Maurice Ravel, ya mwaka 1928. Ngoma ndogo inaanza kwa sauti ya chini sana, na mdundo ule ule haubadiliki mpaka mwisho, kama robo saa. Juu yake kuna tuni mbili tu zinazopokezana. Filimbi inaanza, inaikabidhi klarineti, klarineti inaikabidhi fagoti, na kwenda mbele utakutana na saksafoni na tromboni. Hakuna hadithi nyingine. Kinachobadilika ni nani ameshika tuni na sauti inapanda kiasi gani, mpaka dakika ya mwisho ambapo muziki unahama ghafla kwenda ufunguo mwingine, yaani ngazi nyingine ya sauti, na kila kitu kinaporomoka. Asiyewahi kusikiliza klasiki nampa hii kwanza, na hajawahi kutokea wa kuniambia hakuielewa.

Kama unapenda utulivu, chukua "Prelude" ya "Cello Suite No. 1" ya Johann Sebastian Bach. Selo moja, mtu mmoja, chini ya dakika tatu. Kama unapenda vurugu, "In the Hall of the Mountain King" ya Mnorwei Edvard Grieg: inaanza kwa kunyata, inaongeza mwendo na kelele, inaisha kwa kishindo, dakika mbili na nusu hivi. Kama wewe ni mtu wa kwaya, Handel anakusubiri.

Onyo: usianze na opera nzima, ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Kuna mtu aliniambia ameamua kuanza na kazi ya Richard Wagner iitwayo "Der Ring des Nibelungen" kwa sababu alisikia ni kubwa. Ni kubwa kweli. Ni opera nne, jumla kama saa kumi na tano. Hakurudi.

2. Tafuta rekodi kamili, kwa jina lake kamili.

Majina haya hutisha kuliko muziki wenyewe, lakini ni anwani tu. Chukua hili: "Beethoven: Symphony No. 5 in C minor, Op. 67: I. Allegro con brio". Ni simfoni ya tano ya Beethoven. C minor ni ufunguo, uache. Op. 67 ni namba ya kazi katika hesabu ya kazi zake zilizochapishwa. I ya Kirumi ni sehemu ya kwanza kati ya nne. Maneno ya mwisho ni ya Kiitaliano na yanaeleza mwendo: allegro ni wa haraka, andante ni wa kutembea, adagio ni wa polepole, presto ni mbio. Kwa Bach utaona BWV badala ya Op., na kwa Mozart utaona K., herufi ya Köchel aliyeziorodhesha kazi zake mwaka 1862. Ukinakili namba hiyo huwezi kupotea, hata kama kazi ishirini zinaitwa "Sonata".

Onyo: kimbia rekodi zinazosema "ya kulalia", "ya mtoto aliye tumboni" au "ya kusomea mtihani". Mara nyingi huchukua zile sehemu za polepole tu, hukatwa katikati, na nyingine huchanganywa na sauti ya mawimbi ya bahari. Ni sawa na kupewa maji ya wali ukaambiwa umeshakula pilau.

3. Zima kuchanganya (shuffle).

Hii ndogo, lakini imeharibia wengi. Simu nyingi na programu nyingine za bure huchanganya mpangilio wa nyimbo. Kwa albamu ya kawaida hakuna ubaya. Kwa simfoni ni kama kusoma riwaya kwa kuanza sura ya tatu, ukaenda ya kwanza, kisha ukaletewa sura ya riwaya nyingine. Zima pia ile mipangilio inayofifisha mwisho wa wimbo mmoja ndani ya mwanzo wa mwingine.

Nikupe mfano wa unachokipoteza. Simfoni ya tano ya Beethoven inaanza na noti nne ambazo hata asiyejua lolote anazijua: tatu fupi, moja ndefu. Sehemu ya kwanza inajengwa kwa matofali hayo hayo manne, dakika saba au nane. Sasa nenda sehemu ya tatu. Mle ndani pembe za okestra (horn) zinapiga tena tatu fupi na moja ndefu, lakini zimevaa nguo nyingine. Kuelekea mwisho wake muziki unazama mpaka unadhani rekodi imekwama. Vyombo vya nyuzi vimeshikilia sauti ndefu isiyosogea, ngoma inagonga kwa mbali kama mtu anayebisha hodi kwa ncha ya kidole. Halafu sauti inafura, inafura, na bila kusimama hata kidogo mlango unafunguka na sehemu ya nne inaingia kwa nguvu zote, pamoja na tromboni ambazo zilikuwa zimekaa kimya tangu mwanzo zikisubiri hapo. Beethoven hakuweka nafasi kati ya sehemu hizo mbili. Mimi mara ya kwanza kufika pale simu yangu ilinirushia tangazo la sabuni.

Waliousikia kwa mara ya kwanza, Vienna, tarehe 22 Desemba 1808, nao walikuwa na kero zao: onyesho lilichukua kama saa nne mfululizo kwenye ukumbi wenye baridi kali. Kwa hiyo usijione umeonewa na matangazo.

4. Mara ya kwanza, sikiliza bila bidii.

Usitafute maana. Usijiulize mtunzi "alitaka kusema nini". Keti, sikiliza mpaka mwisho, basi. Ukisikia mahali pamoja pamekugusa, angalia dakika yake na uiandike. Mahali pamoja panatosha.

5. Mara ya pili hadi ya tano, fuata kitu kimoja tu.

Hapa ndipo kazi ilipo. Siku ya pili fuata sauti ya chini kabisa, selo na besi, kama unavyoifuata besi ya kwaya. Siku ya tatu fuata tuni kuu: imeondoka lini, imerudi lini, imerudi na nani? Siku ya nne ngojea pale mahali ulipopaandika, na uangalie kinachotangulia kabla ya kufika hapo. Mara nyingi utakuta utamu haupo pale ulipopapenda bali kwenye nusu dakika iliyotangulia, mtunzi anapokucheleweshea makusudi. Kujua kitakachokuja na bado kukisubiri ndiyo raha yenyewe, na mtu aliyesikia mara moja hawezi kuipata hata awe na masikio ya dhahabu.

Ukitaka zoezi, hesabu. Kwenye "Boléro", andika kila chombo kinapopokea tuni. Utakosea. Kesho utakosea kidogo.

6. Siku ya sita na ya saba, changanya na kazi.

Pasi, vyombo, kukata mchicha. Sasa kipande umeshakijua, kwa hiyo hata ukikisikiliza nusu nusu kinakudaka mahali pake. Ukijikuta unapiga mluzi tuni yake kabla haijaja, wiki imelipa. Usigeuze mpangilio huu, ukaanza na vyombo: kipande usichokijua kikipigwa nyuma ya maji ya bomba ni kelele tu.

7. Kabla hujahamia kingine, sikiliza kipande kilekile kwa mpigaji mwingine.

Kwenye bongo fleva wimbo ni wa aliyeurekodi. Huku kazi ni ya mtunzi, na kila mpigaji anaipika kwa mkono wake. Mfano wa wazi kuliko wote ninaoujua ni wa mpiga piano wa Kanada Glenn Gould. Mwaka 1955 alirekodi "Goldberg Variations" za Bach kwa dakika kama 38. Mwaka 1981 akairudia kazi ile ile, ikachukua kama dakika 51. Mtu mmoja, noti zile zile. Sikiliza dakika mbili za mwanzo za kila moja na utaelewa kwa nini wapenzi wa muziki huu hubishana mpaka chai inapoa.

Kwa okestra anayeamua mwendo ni yule anayesimama mbele na kifimbo. Sisi wa kwaya tunamwita mwalimu. Ukisema kondakta mtu ataanza kutafuta nauli. Simfoni ya tano niliyokueleza, jaribu ile ya kiongozi Carlos Kleiber na okestra ya Vienna Philharmonic, halafu linganisha na nyingine yoyote.

8. Ongeza urefu taratibu.

Baada ya vipande vitano sita vifupi, daraja zuri ni "The Four Seasons" ya Antonio Vivaldi, padri wa Venice, iliyochapishwa mwaka 1725. Ni kazi nne za fidla, kila moja kama dakika kumi na sehemu tatu. Uzuri wake ni kwamba zinaambatana na mashairi yanayoeleza kinachotokea, kwa hiyo huachwi gizani. Kwenye sehemu ya pili ya "Spring" mchungaji wa mbuzi amelala, fidla nyingine ni majani yanayopepea, na sauti inayogonga mara mbili mbili pale chini ni mbwa wake anabweka. Baridi ya kutetemesha meno ya "Winter" labda utaihisi ukiwa Makete, lakini dhoruba inayofunga "Summer" mtu yeyote aliyekutwa na mvua ya masika barabarani anaitambua.

Kutoka hapo, simfoni ya tisa ya Antonín Dvořák, dakika arobaini hivi. Anza na sehemu yake ya pili, kisha urudi kuisikiliza yote kwa mpangilio.

9. Ukipata nafasi, kasikilize wapigaji wakiwa mbele yako.

Aliye Nairobi ana bahati: Nairobi Orchestra ipo tangu kabla ya uhuru, na vijana wa Ghetto Classics wa Korogocho nao hupiga hadharani. Hofu ya watu wengi ni makofi. Desturi ya sasa ni kutopiga makofi kati ya sehemu na sehemu, bali mwisho wa kazi nzima. Hujui kama imeisha? Tazama mikono ya kiongozi. Ikishuka kabisa na akageuka, piga. Ukikosea hujatenda dhambi: mwaka 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akifurahi kwamba watu walipiga makofi simfoni yake ikiwa bado katikati.

Ukikwama

"Sisikii kitu, halafu ghafla masikio yanapasuka." Muziki wa siku hizi hurekodiwa ukiwa na sauti karibu sawa mwanzo mpaka mwisho. Huu hauko hivyo. Usiongeze sauti mwanzoni. Ruka kwanza mpaka mahali penye kelele kuliko pote, weka sauti inayokutosha hapo, kisha rudi mwanzo. Kwenye basi kipande kama "Boléro" hakisikiki kabisa dakika za mwanzo, hata ufanye nini. Safarini sikiliza piano au selo peke yake.

"Nasinzia." Angalia neno la Kiitaliano. Kama kila unachochagua ni adagio, na unasikiliza umelala saa nne usiku, kosa si la Mozart. Sikiliza asubuhi. Au chukua sehemu ya pili ya simfoni namba 94 ya Joseph Haydn, iliyopigwa London mwaka 1792. Inaanza kwa upole kama wimbo wa mtoto. Usisogee, ngojea.

"Nakosa maneno." Kama umewahi kukaa kwenye taarab ya Unguja, ile ya vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa 1905, unaijua bashraf: fidla, ganuni, udi na nai vinafungua shughuli bila mwimbaji, na hakuna anayelalamika. Sikio hilo hilo ndilo unalolihitaji huku. Lakini kama maneno ni lazima, tafuta "Erlkönig" ya Franz Schubert, aliyoitunga 1815 akiwa na miaka 18, kwa shairi la Goethe. Dakika nne. Mwimbaji mmoja anakuwa msimulizi, baba, mtoto mgonjwa na jini linalomwita mtoto, na mkono wa kulia wa piano ni kwato za farasi wanayemkimbiza kwenda nyumbani. Soma tafsiri ya shairi kwanza, halafu usikilize peke yako.

"Nyumbani wanasema ni muziki wa msiba." Wape "Carnival of the Animals" ya Camille Saint-Saëns, ya mwaka 1886. Vipande 14 vifupi: simba, kuku, tembo anayecheza dansi kwa besi kubwa, kobe wanaocheza kankani, dansi ya mbio, kwa mwendo wa kobe. Kuna na wapiga piano wanaojifunza, nao kawaweka kwenye kundi la wanyama. Watoto watanyamaza, watu wazima watajifanya wanasikiliza kwa sababu ya watoto.

"Nimesikia kipande kwenye filamu, sijui kinaitwaje." Programu za kutambua nyimbo zinasaidia, lakini jina la kwanza zinaloonyesha mara nyingi ni la mpigaji. Soma mstari wote mpaka upate mtunzi na namba ya kazi, kisha rudi hatua ya pili.

"Nimemaliza wiki nzima na bado sikipendi." Kitupe, chukua kingine. Mimi na "Canon" ya Johann Pachelbel hatuelewani. Selo inapiga noti nane zile zile mara 28, na mimi nimeisikia kwenye harusi nyingi kuliko nilizokula keki. Bibi harusi akianza kuingia nayo, huwa natoka nje kutafuta soda.